Kigogo Ni Nani, na Anaogopwa kwa Nini?

Wasee, leo tuongee kuhusu neno moja: kigogo. Mashindano yakikaribia, watangazaji wanatutajia vigogo ni hawa na hawa, wengine wote ni wasindikizaji tu.

Hebu lichambue. Ndani yake kuna gogo, shina la mti lililokatwa au kuanguka. Ki- kwa kawaida hupunguza: mtoto, kitoto. Lakini kigogo amekataa kupungua. Ni mtu mkubwa, mwenye nguvu au mamlaka. Tuliosoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea shuleni tunamkumbuka Majoka na vile alivyotawala Sagamoyo. Yaani neno lilitufikia likiwa tayari na woga ndani yake.

Sasa angalia CHAN ya Agosti 2025, iliyochezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Harambee Stars, mara yao ya kwanza kushiriki, walipangwa kundi moja na Moroko na Kongo, kila mmoja akiwa ameshabeba kombe hilo mara mbili. Watu wakasema tumekwisha. Tukapiga Kongo 1-0. Tukapiga Moroko 1-0. Tukamaliza tukiongoza kundi.

Lakini tusidanganyane. Moroko hao hao ndio waliobeba kombe, na sisi tukatolewa na Madagaska kwa penalti kwenye robo fainali. Kwa hivyo kigogo si jina la bure. Linakuambia ni nani amekuwa akishinda. Halikuambii ni nani atashinda Jumapili hii.

Kwa nini naumwa na hii maneno? Niko Konza, pale serikali ilipoanza kujenga mji wa teknolojia mwaka 2013. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, na video zangu natengeneza kwa simu. Kila nikisema nataka kuingia shindano la vijana wabunifu, naulizwa: "Wewe bila digrii, utawaweza vigogo?" Na najua madogo hapa mtaani wenye akili kuniliko ambao hawajawahi hata kujaza fomu, kwa sababu ya hilo swali tu. Hao walishindwa na neno, si na mtu.

Ombi langu ni dogo. Ukisikia fulani ni kigogo, ichukue kama historia yake, umpe heshima yake. Halafu jaza fomu.

Kwenu kigogo ni nani, na nani amewahi kumwangusha? Niambieni hapo chini.