Siku Tatu Pwani ya Bofa

Wengi wetu tusomao gazeti hili ni wakulima, na wengine ni makarani wenye mashamba nyumbani kwao. Kwa hiyo sina haja ya kueleza jinsi mwezi wa Aprili ulivyo. Upepo wa kaskazi hufifia, mawingu hukusanyika upande wa bahari, na kila mwenye jembe hutazama juu. Lakini mwezi huo huo ndio shule hufungwa, na watoto hurudi nyumbani na miguu isiyotulia. Mvua na likizo huja pamoja kama wageni wawili wasiopatana, na mwenye nyumba hana budi kuwapokea wote. Nataka kuwaeleza wenzangu jinsi sisi tulivyowapokea, tulipofaulu na tulipokosea.

Kwetu ni upande wa Ganze, katika kaunti ya Kilifi. Ni nchi kavu, na mvua yake si ya kutegemea. Hata hivyo bahari haiko mbali nasi: ukipanda gari la abiria asubuhi, kabla ya adhuhuri umekwisha kuiona. Nina watoto watatu, mvulana wa miaka tisa, msichana wa miaka sita, na kitinda mimba wa miaka mitatu. Hapana hata mmoja wao aliyekuwa ameiona bahari. Sikulijali jambo hilo mpaka siku moja mvulana aliponionyesha daftari lake la shule. Walikuwa wameambiwa wachore bahari, naye alichora lambo la kijiji chetu, lenye mbuzi wakinywa maji ukingoni. Nilicheka, kisha nikaona haya. Papo hapo nikamwambia kwamba shule zikifungwa tutakwenda Bofa, kwa shangazi yake mama yake. Ahadi ni deni, na mtoto ni mdai asiyesahau.

Siku ya kuondoka iliwekwa kuwa Jumatatu. Usiku wa Jumapili mvua ya kwanza ikanyesha, mvua hasa, ile ambayo kwetu pwani twaiita mvua ya mwaka. Asubuhi udongo ulikuwa laini, na kila nyumba ilikuwa imetoka na majembe. Nilisimama mlangoni huku mfuko wa nguo ukiwa umefungwa tayari, nisijue la kufanya. Mkulima anajua kwamba mbegu iliyochelewa katika nchi kama yetu huweza kukosa mvua ya kuikomaza. Jirani yangu mzee akapita, akautazama ule mfuko, akasema, "Mwanangu, mvua haimngoji mtu." Mvulana alisikia. Hakulia, ila aliingia ndani akavua viatu vyake vya safari, na kimya chake kilinichoma kuliko kilio.

Aliyenitoa katika shida hiyo ni mke wangu. Alisema tupande siku mbili, sisi sote, hata wadogo, kisha twende. Nami niliponung'unika kwamba kupumzika wakati wa kupanda ni desturi ya watu wa mishahara, alinikumbusha jambo nililolisahau. Wazee wetu Wamijikenda walikuwa na juma la siku nne, na mojawapo ya siku hizo, Jumwa, ilikuwa siku ya mapumziko ambayo haikulimwa shamba. Watu hao hawakuwa wavivu, nao waliishi kwa jembe kuliko sisi. Sikuwa na jibu.

Basi tukaingia shambani. Nilinyosha kamba, mvulana akachimba mashimo kwa kuifuata, msichana akatia mbegu mbili katika kila shimo, na mdogo akafukia kwa nyayo zake. Tulipanda mahindi, na katikati ya mistari tukapanda kunde. Niwaambie kweli, kazi ya watoto haikuwa ya haraka. Msichana alipoteza hesabu mara nyingi, na mdogo alifukia mashimo ambayo hayajatiwa kitu. Lakini niliona jambo ambalo sikulitazamia. Kwa kuwa walijua kwamba mwisho wa kamba ile upo mwisho wa safari, hawakulalamika hata mara moja. Jumanne jioni tulimaliza. Jumatano tulipumzika na kufua nguo, na Alhamisi alfajiri tukaondoka. Yule mzee jirani alituonya kwamba kanga wangefukua mbegu. Tulimwachia mwanawe kazi ya kulinda, naye akakubali.

Njia yetu ilipita katikati ya mibuyu na mikanju hata mji wa Kilifi, na kutoka hapo tulipanda tuktuk kwenda Bofa, ambayo iko kaskazini ya mji. Nyumba ya mwenyeji wetu ni ya makuti, nayo iko nyuma kidogo ya ufuko. Watoto walimwita hawe, yaani bibi, naye aliwapokea kana kwamba aliwazaa mwenyewe. Tulimpelekea kuku mmoja na kunde kavu, yeye akatupa madafu na samaki. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba safari hii ilihitaji fedha nyingi. Tulilipa nauli tu.

Jioni ile ile tuliteremka pwani. Njia ni nyembamba, nayo hupita kati ya kuta ndefu za majumba. Hawe alituambia kwamba zamani mtu aliteremka popote alipotaka. Tulipofika katikati, mlinzi mmoja alitusimamisha akatuuliza twendapo. Nilimjibu kwa adabu kwamba twaenda baharini. Alitutazama, akawatazama watoto, akatupisha. Tulipokwisha kumpita, mvulana aliniuliza, "Baba, bahari ni ya nani?" Nilifurahi kwamba nilikuwa na jibu la hakika. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya mahali maji yanapojaa na mahali yanapokupwa ni ardhi ya umma. Nikamwambia, "Mchanga utakaoukanyaga sasa hivi, ule unaofikiwa na maji, ni wako na wa kila mtu. Lakini ukuta wa mtu si wako, wala takataka zako si haki kumwachia mwingine."

Kisha tukaiona. Ufuko wa Bofa ni mrefu, na mchanga wake ni mweupe na laini kama unga. Mbali mbele yake upo mwamba, na mawimbi ya bahari kuu huvunjikia huko, hata ndani maji huwa matulivu. Mdogo aliogopa akajificha katika leso ya mama yake. Msichana aliuliza ni nani anayeyasukuma maji. Mvulana alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Hii haina ng'ambo." Hapo nilijua kwamba lile lambo lenye mbuzi limekwisha.

Sasa naja kwenye kosa langu. Mwezi ulikuwa mwandamo, na wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu ndipo bahari huwa na bamvu. Maji hujaa sana, nayo hukupwa sana. Ijumaa saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa, na sakafu ya bahari ilikuwa wazi kama kiwanja. Wazee na akina mama walikuwa wakitafuta pweza kwa vijiti penye mawe. Watoto wawili wakubwa waliwafuata wakiokota makombe matupu na kutazama viti vya pweza katika vidimbwi. Mimi nilikaa chini ya mvinje nikawaona, nikadhani kuwaona ndiko kuwalinda. Usingizi wa siku mbili za jembe ukanichukua.

Niliamshwa na sauti ya mke wangu. Watoto walikuwa juu ya fungu la mchanga, wakavu, wakicheza bila wasiwasi, lakini kati yao na sisi palikuwa na maji. Nilikuwa nikifikiri kwamba bahari ijaapo hutoka mbele, mtu huiona ikija, akarudi nyuma. Sivyo. Maji hutangulia kuingia kwenye mkondo ulio kati ya fungu na ufuko, kwa kuwa mkondo huo uko chini, na aliye juu ya fungu huzungukwa kabla hajajua. Nilikimbia nikaingia. Yalinifika kiunoni, yakaanza kunisukuma, nami sijui kuogelea. Huko kwetu lambo halimfundishi mtu kuogelea.

Mzee mmoja mvuvi wa pweza aliyekuwa akirudi ndiye aliyewaokoa. Hakupiga kelele. Alimbeba msichana begani, akamshika mvulana mkono, akazunguka kwa upande wa kaskazini ambako mkondo ni haba, akatuletea. Nilitaka kumpa chochote nilichokuwa nacho, akakataa. Aliniambia maneno machache tu: "Wewe wajua mvua yako, mimi najua maji yangu. Mgeni huuliza." Nilipokea maneno hayo kama nilivyostahili.

Jioni mzee huyo alikuja kwa hawe, akakaa na mvulana wangu, akamfundisha saa za bahari. Alimwambia kwamba maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili katika usiku na mchana, na kwamba kila siku huchelewa karibu saa nzima kuliko siku iliyotangulia. Alimwambia pia kwamba baada ya bamvu huja maji mafu, yasiyojaa sana wala kukupwa sana. Mvulana aliandika yote katika lile daftari lenye picha ya lambo. Siku iliyofuata alinieleza mapema saa ambayo maji yangegeuka, na hakukosea. Tulikwenda pamoja, mimi nikiwa nimemshika dada yake mkono, na tulirudi kabla maji hayajageuka.

Alasiri ya Jumamosi ilinyesha, na ilipokatika tulikwenda kulitazama daraja la Kilifi, ambalo lilifunguliwa mwaka 1991. Hawe aliwasimulia watoto jinsi magari na watu walivyovushwa hori kwa kivuko kabla ya hapo, na jinsi mtu alivyoweza kungoja saa nyingi. Ng'ambo tuliona Mnarani, mahali penye magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Hatukwenda huko, kwa kuwa miguu ya mdogo ilikuwa imekwisha kazi. Safari ya watoto yapasa kupimwa kwa miguu ya aliye mdogo.

Jumapili tulirudi nyumbani. Kabla hata ya kuingia ndani watoto walikimbilia shambani. Mahindi yalikuwa yametoboa ardhi, mistari kwa mistari, kijani kibichi. Lakini upande wa kichaka kanga walikuwa wamefukua mistari miwili na nusu, maana kijana wa jirani hakuweza kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Sitaficha hasara hiyo. Asubuhi yake tulirudishia mbegu sote watano, na kazi ikaisha kabla jua halijawa kali. Msichana alikuta mashimo yake mengine yana miche mitatu, na mengine hayana kitu, akatambua hesabu yake mwenyewe.

Basi, wenzangu wenye watoto wadogo, nawashauri hivi. Msingoje mpate fedha nyingi au wakati usio na kazi, kwa sababu wakati kama huo hauji, na watoto hawangoji kukua. Wapeni kwanza sehemu yao ya kazi, kisha watimizieni sehemu yao ya ahadi. Mkifika pwani, waulizeni wenyeji habari za maji kabla ya kuvua viatu, mrudi kabla maji hayajageuka, na mtoto asiende peke yake hata kama mnamwona. Na aliyechoka asilale, bali ampe mwenzake zamu.

Mistari miwili na nusu ya mahindi ndiyo gharama niliyolipa kwa siku tatu za Bofa, juu ya nauli. Nimeihesabu mara nyingi tangu hapo, na kila mara naona sikupunjwa. Mvulana amechora bahari upya. Safari hii ina fungu la mchanga, na mkondo nyuma yake, na kando ameandika saa ya maji kujaa.