Divai ya Altareni na Jasho la Mkulima



Wapo wanaouliza: kwa nini altareni hatutumii pombe ya ndizi, ilhali ndizi tunazo tele hapa Kigoma? Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa yajibu: divai sharti iwe ya asili, itokanayo na tunda la mzabibu, isiyoharibika.

Wamisionari wa Afrika walipofika Ujiji Januari 1879, divai ya Misa ilitegemea mizigo ya wapagazi kutoka pwani, safari ya miezi. Kusini mwa Ufaransa, alikozaliwa mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma, pasipo baridi kali, mkulima hupogoa na kuvuna mara mbili, nayo zabibu nyekundu ya Makutupora hutoa divai ya kwetu wenyewe.

Hata hivyo, mavuno mawili si malipo mawili. Zabibu iliyoiva haimngoji mnunuzi. Akichelewa, huozea shambani, na wakulima wa Dodoma wamelia mara nyingi kwa kukosa soko. Nanyi mvuao dagaa mwalijua jambo hili: mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mchuuzi hutaja bei aitakayo.

Basi, kikombe kiinuliwapo, tukumbuke kwamba jasho la mtu limo ndani yake. Hatuwezi kumtolea Mungu kazi ya mkono tulioupunja. Anunuaye mawese au dagaa Jumamosi na alipe bei ya haki, ndipo Jumapili aisogelee altare kwa amani.