Neno Dogo "And"

Katika maneno yote ya Kiingereza tunayofundishwa, hakuna linalodharauliwa kama "and". Hulijua hata mtoto aliyeanza kusoma jana. Twaambiwa kuwa ni kiunganishi, na maana yake ni "na", basi mambo yamekwisha. Mimi naona hayajaisha, na nawaombeni mnisikilize kidogo.

Kazi yake ya kila siku ni nyepesi. Huunganisha majina, kama tusemavyo mkate na siagi. Huunganisha vitendo pia, mahali ambapo sisi hatuhitaji neno lolote: twasema "alikwenda sokoni, akanunua samaki, akarudi", na ile "ka" imekwisha kuunga. Taabu huanza pale "and" inapofuata maneno ya kukataza.

Likizo iliyopita bibi yangu alipewa vidonge vya kuongeza damu. Juu ya bahasha paliandikwa kwa Kiingereza kwamba asivimeze pamoja na "tea and milk". Nikamsomea kama ilivyoandikwa: chai na maziwa. Bibi akacheka, akaniuliza, "Basi mjukuu wangu, nikimeza kwa chai ya rangi, isiyo na maziwa, nimevunja amri gani?" Kwa maneno yale alikuwa na haki. Nikaenda zahanati kuuliza. Mtoa dawa akanieleza kuwa chai peke yake huzuia mwili usipate vizuri madini ya chuma yaliyomo katika vidonge, na maziwa peke yake huzuia vilevile. Nikachukua kalamu nikaandika juu ya bahasha: "Bila chai wala maziwa." Bibi akasema, "Sasa nimesikia."

Wala msidhani kuwa haya ni mambo ya nyumbani tu. Huko Marekani, sheria ya mwaka 2018 iliwapa majaji ruhusa ya kuwapunguzia kifungo baadhi ya watu wenye makosa ya dawa za kulevya. Ilitaja mambo matatu ya makosa ya zamani ambayo mshtakiwa asiwe nayo, na kabla ya jambo la tatu pakawekwa "and". Katika shauri liitwalo Pulsifer, mshtakiwa alikuwa na mawili, la tatu hakuwa nalo. Akadai kuwa anayenyimwa nafuu ni yule tu mwenye yote matatu kwa pamoja. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikaamua. Majaji sita walisema asiwe na hata moja. Watatu walikubaliana na mshtakiwa. Majaji tisa wenye elimu kubwa waligawanyika kwa neno la herufi tatu, na miaka ya mtu gerezani ikategemea neno hilo.

Lugha yetu imetupa "wala", ambayo hufunga kila mlango peke yake. Kiingereza nacho kina "or" na "nor" kwa kazi hiyo. Kwa hiyo, mwenzangu, kabla ya kuandika katazo kwa Kiingereza, liseme kwanza kwa Kiswahili. Likija "wala", iache "and" utumie "or". Na kama unakataza vitu viwili visikutane, andika wazi kwamba ni vyote viwili kwa pamoja, ili msomaji asibaki akibahatisha.