Shairi Guni la Watu Wanne

Aliyenifundisha kuhesabu mapigo ya muziki wa metali hakuwahi kulisikia neno metali. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Mwaka 1999 nilikuwa Kidato cha Pili katika shule ya bweni nje kidogo ya Nairobi, naye alikuwa akigonga meza kwa kalamu tukisoma ushairi: mizani nane kwa ukwapi, nane kwa utao. Mshororo ukipungukiwa na silabi moja, kalamu ilisimama hewani. "Hili ni guni," alisema, na aliyeliandika aliona haya.

Mimi na wenzangu watatu tuliishi ndani ya guni kwa miaka 13. Hao watatu hawakuomba kuandikwa, kwa hiyo nitawaita kwa vyombo vyao: Besi, Ngoma na Sauti. Mimi nilikuwa Gitaa.

Sauti alilala kitanda cha juu yangu. Likizo ya Aprili 2000 alirudi na kanda aliyonakiliwa na binamu yake aliyekuwa akisoma Marekani. Ilikuwa albamu ya Dream Theater, Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory, iliyotoka Oktoba 1999, ndefu kiasi cha kuhitaji pande zote mbili za kanda ya dakika 90. Ndani yake mna kipande kisicho na maneno, The Dance of Eternity, ambacho kwa dakika sita tu mizani yake inabadilika zaidi ya mara 100. Tulikisikiliza chini ya blanketi, sikio moja kila mtu, tukabishana mpaka kengele ya alfajiri kama wale watu walikuwa wanakosea au wanajua wanachofanya.

Baadaye tulisoma habari zao. John Petrucci na John Myung walijuana tangu utotoni huko Long Island, wakaenda pamoja chuo cha muziki cha Berklee, Boston, na huko mwaka 1985 wakampata mpiga ngoma Mike Portnoy. Bendi yao ya kwanza iliitwa Majesty. Kwetu habari hiyo ilikuwa kibali: kumbe jambo hili huanzishwa na vijana waliosoma pamoja.

Hatukuwa na ala. Tulikuwa na madawati, vijiko, na masanduku ya chuma tuliyoyapiga teke badala ya ngoma kubwa. Kuhesabu ndiko kulitusumbua. Nane ilikuja yenyewe, saba ikatukimbia, mpaka Besi alipogundua kwamba tusihesabu namba bali tutamke maneno. "Meza meza kitabu" ni saba. "Meza kitabu" ni tano. "Kitabu kitabu kitabu meza" ni kumi na moja. Mkazo wa "kitabu" hauko mwanzoni, uko kwenye "ta", basi saba yetu ilitoka na kigugumizi ambacho saba ya Wamarekani haikuwa nacho. Tulidhani ni kosa. Miaka kumi baadaye watu waliokuja kutusikiliza walikuwa wakiutambua wimbo wetu kwa kigugumizi hicho.

Shule haikufurahi. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka 1999. Katika hali hiyo, kanda yenye mayowe iliyokutwa chini ya godoro haikuwa jambo dogo. Mama aliitwa. Alisikiliza mashtaka yote, mkoba mapajani, kisha akasema, "Mwalimu, shetani ninayemjua mimi hunong'ona. Hawa wanapiga kelele." Niliadhibiwa wiki mbili za kufyeka nyasi, na kanda haikurudi. Sauti alikuwa ameshainakili.

Tulimaliza Kidato cha Nne mwaka 2001. Januari iliyofuata nikaajiriwa na fundi wa redio katika barabara ya Luthuli, Nairobi, mahali ambapo spika hupigwa mlangoni mpaka wapita njia wanaongea kwa ishara. Ndipo ilipoanza kazi yangu ya kweli, maana bendi haikuwahi kunilisha hata mwezi mmoja. Mchana nililehemu, jioni nilifanya mazoezi. Amplifaya yangu ya kwanza niliiunda kwa vipuri vya tatu zilizokufa. Fundi aliitazama akasema, "Kijana, hii itakuua au itakupa jina." Haikufanya lolote kati ya hayo, lakini ilivuma.

Magitaa ya nyuzi saba tuliyaona kwenye picha. Sisi tulikuwa na ya nyuzi sita, tukayalegeza mpaka uzi wa chini ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nyuzi nene tuliwaagiza wasafiri, na kila seti ilipigwa mpaka ikashika kutu. Wakati huo Ngoma alikuwa ametuletea Meshuggah, Waswidi wa Umeå. Akatuonyesha siri yao: mkono mmoja unashika nne kwenye toazi bila kuyumba, huku miguu na magitaa yakizunguka kwa hesabu nyingine, mpaka baada ya mizunguko kadhaa wote wanafika mlango mmoja kwa wakati mmoja. "Hakuna anayemfuata mwenzake," alisema Ngoma. "Kila mtu anajua tu pa kukutana." Nimefanya kazi na watu wengi tangu hapo, na sijasikia maelezo bora ya ushirikiano.

Mwaka 2003 tulichanga pesa tukaingia studio moja ya River Road, mtaa uliorekodi benga kwa miaka mingi. Mtambo uliendeshwa na mzee aliyezoea kumaliza albamu kwa siku moja. Nilipopiga kipande cha kwanza alivua vipokea sauti vyake. "Kijana, amplifaya yako imeungua."

"Hapana, mzee. Ndivyo inavyotakiwa."

Alifikiri kidogo. "Basi iunguze vizuri. Na mwenzako asipige unachopiga wewe. Gitaa la pili ni la kujibu."

Alitaka tufanye kama benga, ambamo magitaa huzungumza, moja likiuliza na la pili likijibu, kisha mwishoni mwimbaji ananyamaza na ala zinachukua wimbo. Sauti, ambaye ndiye aliyeshika gitaa la pili, alinuna njia nzima. Wiki iliyofuata alikuja na majibu ya vipande vyangu vyote. Tangu siku hiyo hatukupiga tena kitu kimoja watu wawili.

Nairobi ya miaka ile ilikuwa na watu wa roki wachache, lakini waliokuwapo walikuwapo kwelikweli. Redio ya X FM ilipiga roki, na mashabiki walijuana kwa sura. Tulipiga kwenye baa, kwenye kumbi za kukodi, na mara moja katika bustani ya Alliance Française. Promota mmoja alituahidi shilingi elfu ishirini, akaenda kutafuta chenji, na mpaka leo anaitafuta. Usiku mzuri kuliko wote tulioupata, baada ya kulipa gari na kijana wa kubeba spika, kila mmoja aliondoka na shilingi 750. Sikuzila. Nilinunulia nyuzi.

Desemba 2007 Besi alikwenda kwao Eldoret kupiga kura na kula Krismasi. Ghasia za baada ya uchaguzi zikamfungia huko wiki tisa. Jijini, majina yetu ya ukoo, ambayo shuleni yalikuwa ya kuitia orodha tu, yakawa maswali ya watu wa vizuizini. Hatukufanya mazoezi. Besi alirudi siku chache baada ya Kibaki na Raila, mahasimu wa uchaguzi huo, kutia saini makubaliano ya 28 Februari 2008. Aliingia, akachomeka waya, hakusema alichokiona, nasi hatukuuliza. Tukapiga "meza meza kitabu" kwa saa nne mfululizo. Ngoma alilia akipiga, na mpigo haukutoka nje hata mara moja.

Baada ya hapo Sauti aliacha kuimba Kiingereza. Alisema hana maneno ya Kiingereza kwa yaliyotokea. Tulihofu Kiswahili kingelainisha muziki, lakini ikawa kinyume chake. Maneno yetu huishia kwenye irabu, na irabu ndiyo inayobeba ngurumo, maana koo linabaki wazi mpaka pumzi ikome. Mkazo nao karibu daima uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo kila tungo ilivuta upande mmoja na saba yetu ikavuta mwingine. Mwalimu wangu angeuita muziki huo guni, na angekuwa sahihi. Lakini nilikuwa nimeelewa jambo ambalo hakutuambia: asiyejua kuhesabu nane hawezi kuandika guni, anaweza kukosea tu.

Albamu yetu tuliirekodi mwaka 2009. Ukame ulikuwa umekausha mabwawa, na kuanzia Agosti nchi iliingia mgao wa umeme. Tuliijua ratiba ya mgao kuliko tulivyozijua nyimbo. Wimbo mrefu kuliko wote ulikuwa wa dakika 11. Umeme ulikatika dakika ya tisa, tukaanza upya, ukakatika dakika ya saba. Mara ya tatu tulikodi jenereta, tukaifukia kwa magodoro ili isisikike. Ukisikiliza kwa makini utaisikia. Tulichapa CD 500, na maboksi mawili bado yako kwangu, yamebeba vipuri.

Kilichotuua hakikuwa njaa wala promota. Kilikuwa fomu ya ukurasa mmoja. Mwaka 2010 tulikwenda kusajili nyimbo kwa ajili ya mirabaha, na fomu ikauliza: mtunzi ni nani, na kwa asilimia ngapi? Tulitazamana. Wimbo wa dakika 11 una vipande vyangu, majibu ya Sauti, hesabu ya Besi, na mahali pa kukutana palipochaguliwa na Ngoma. Nani mtunzi? Nilisema mimi, kwa sababu vipande vilianza kwangu. Sauti akasema maneno ni yake. Besi akanyamaza, na ukimya wake ulikuwa na maana kuliko maneno yetu. Watu waliohesabu kumi na moja kwa vijiko gizani walishindwa kugawa mia kwa nne.

Baada ya miezi mitatu tuligawa: 25 kila mtu. Tukaandika pia kwamba jina la bendi ni la wanne, na bila mmoja halitumiki. Ndiyo sababu silitaji hapa. Lakini mazoezini kila aliyeleta kipande kipya sasa alikumbusha kuwa ni chake. Tulipiga mara ya mwisho Desemba 2013, vizuri sana, na kila mtu akarudi kwake na waya zake.

Nikaendelea na ufundi. Mwaka 2019 barabara ya Luthuli ilitengenezwa upya kwa ajili ya waenda kwa miguu, na nikapata kibanda changu. Mwaka uliofuata, wakati wa kafyu ya korona, nilisikia albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kuzungumziwa mpaka Ulaya. Nilifunga duka nikaisikiliza mara mbili. Nilifurahi bila wivu, ila nilijiuliza kama waliandikiana.

Siku hizi vijana wenye magitaa huja kwangu kutengeneza pedali, wengine wakiwa bado na sare za shule. Huwauliza kwanza kama wana bendi. Wakisema ndiyo, nawapa kalamu na kipande cha karatasi, nawaambia waandike nani anamiliki nini kabla sijafungua skrubu hata moja. Wengi hucheka, wakasema wao ni marafiki.

Nawe unayesoma, kama una rafiki na wimbo mmoja, andikeni leo, mkingali mnacheka.