Mwenye mkokoteni wa Dakar

Samahani kwa ukimya wa wiki mbili hizi. Bumu limechelewa, majaribio yamefuatana kama siafu, halafu juu ya yote hayo ikaja asaimenti ya filamu. Leo nataka niwasimulie hiyo asaimenti, maana imenifanyia jambo ambalo sikulitarajia.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba nasomea ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Semista hii mhadhiri wetu wa fasihi alitugawa katika makundi ya watu watanowatano, kila kundi likapewa filamu fupi moja. Tuchambue mambo matatu: sauti, kazi ya kamera na mbinu za usimulizi. Akatuonya kabisa, "Msije mkanisimulia hadithi. Hadithi nimeshaiona." Wote tukacheka, lakini wengi wetu ndicho tulichokwenda kufanya.

Kundi letu lilipewa filamu inayoitwa Borom Sarret, ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka 1963. Ni nyeusi na nyeupe, ina urefu wa dakika kama 20 tu. Jina lenyewe ni mchanganyiko wa Kiwolof na Kifaransa, maana yake mwenye mkokoteni. Watu wengi huihesabu kuwa filamu ya kwanza iliyotengenezwa na Mwafrika mweusi ndani ya Afrika kusini mwa Sahara. Sembène mwenyewe alikuwa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akiwa ameshapita umri wa kusoma akaenda Moscow kujifunza filamu, kwa sababu watu aliokuwa akiwaandikia wengi wao hawakujua kusoma. Hapo tu nikampenda huyu mzee.

Tukaitazama usiku kwenye laptopu ya mwenzetu, sisi watano tumebanana kitanda kimoja hosteli. Kisa ni cha siku moja. Mwanaume anaswali asubuhi, anaagana na mkewe, anatoka na mkokoteni wake wa farasi kutafuta riziki katika mitaa ya watu wa chini ya Dakar. Anabeba abiria, wengine hawamlipi kitu. Anampeleka mama mjamzito hospitali. Ombaomba mlemavu anamwomba, hata hamtazami. Halafu anatokea mwimbaji wa sifa, anaanza kuwataja mababu wa mwenye mkokoteni na ushujaa wao. Jamaa anafurahi, anatoa zile hela alizozipata tangu asubuhi, anampa.

Hapo chumba kizima tulipasuka kucheka. Mwenzetu mmoja akasema, "Huyu bwana ni bwege kweli!" Mimi nikaongeza, "Mtoto nyumbani hajala, yeye anatunza waimbaji!" Katika daftari la kundi tukaandika: mhusika mkuu ni mjinga asiye na mipango. Mwandishi wa kundi ni mimi, kwa hiyo huo ni mwandiko wangu.

Kundi likanipa mimi sehemu ya sauti. Kesho yake nikakaa peke yangu na hedifoni, na kwa kuwa mhadhiri alishatuonya, nikafanya jambo la kijinga kidogo: nikaitazama filamu bila sauti kwanza, halafu nikaisikiliza bila picha, skrini nimeifunika kwa kanga.

Bila sauti niliona mtu mkimya. Yaani huyu bwana karibu hasemi kitu! Abiria wanapanda, wanashuka, yeye anashika hatamu. Ukimwona njiani ungesema hana neno kichwani.

Bila picha nikasikia mtu mwingine kabisa. Filamu hii sauti zake ziliwekwa baadaye, hazikurekodiwa palepale, na wenzangu walikuwa wameilaumu kwa hilo, eti sauti haijakaa vizuri kwenye midomo. Lakini sauti tunayoisikia zaidi haitoki mdomoni. Ni mawazo yake. Sisi watu wa fasihi tunaiita uzungumzi nafsi. Anawaza habari za wateja wasiolipa, anamsemesha farasi wake, anawaza chakula cha mchana. Mwimbaji anapoimba, mawazo yake yanasema kwamba maisha haya mapya yamemdidimiza, lakini damu ya mababu bado imo ndani yake. Sikucheka safari hii. Kwa nje ni mtu anayetupa hela. Kwa ndani ni mtu ambaye kwa siku nzima ile ndiyo mara ya kwanza anaambiwa kwamba yeye ni mtoto wa watu.

Kuna kitu kingine cha sauti. Mitaani kwake unasikia kwato za farasi, mlio wa gurudumu, na xalam, ala ya nyuzi ya kwao. Ikanikumbusha zeze la kwetu Dodoma, ingawa zeze hupigwa kwa upinde na ile hupigwa kwa vidole. Baadaye bwana mmoja aliyevaa suti anamkodi ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa. Mikokoteni hairuhusiwi huko, na yeye anajua, lakini bwana anamhakikishia kwamba anajuana na watu. Wakiingia tu, xalam inanyamaza, unaanza muziki wa Kizungu. Hakuna aliyetuambia kwamba tumevuka mpaka. Masikio yamevushwa kabla ya macho.

Kamera nayo inafanya kazi hiyohiyo. Mitaani kwake inakwenda taratibu, mara nyingi kwa mwendo wa mkokoteni, na watu wanajaa kwenye picha. Kule Plateau inainua macho juu, maghorofa meupe, na mtu anaonekana mdogo kama sisimizi. Halafu askari anampigia filimbi. Katika kutafuta vitambulisho, medali yake ya jeshi inaanguka chini, na kamera inatusogeza karibu: kiatu cha askari kinaikanyaga. Hakuna hotuba ya ukoloni, wala kiongozi anayetajwa. Kiatu na medali, basi. Mkokoteni unachukuliwa, bwana mwenye suti ameshakwenda zake, naye anarudi nyumbani na farasi wake, mikono mitupu.

Kuhusu usimulizi, mwenzetu aliandika "msuko wa moja kwa moja, msago, asubuhi hadi jioni" akaona amemaliza. Ni kweli ni msago. Lakini tazameni mpangilio wa abiria: mama mjamzito anakwenda kujifungua, na muda mfupi baadaye mkokoteni uleule unabeba maiti ya mtoto mchanga. Baba yake anazuiwa kwenye geti la makaburi kwa sababu karatasi zake si sahihi. Mwenye mkokoteni anaiweka ile maiti chini, anaondoka. Kwa hiyo Sembène hamtetei huyu mtu. Anatupa sauti yake ya ndani ili tumwelewe, kisha anatuonyesha anavyowapita wengine kama wakubwa wanavyompita yeye.

Tulibishana pia juu ya lugha, maana anawaza kwa Kifaransa. Mwenye mkokoteni wa Dakar angewaza kwa Kiwolof, si ndiyo? Ilimbidi Sembène afike mwaka 1968, katika Mandabi, ndipo watu wake wakaongea Kiwolof. Mimi mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili hilo limenigusa, lakini nitaliandika siku nyingine.

Sasa niseme lililonileta hapa.

Baba yangu ana mkokoteni wa punda. Anabeba maji, matofali, mchanga, mahindi wakati wa mavuno. Hapa chuo sijawahi kumwambia mtu. Nikiulizwa nasema baba ni mfanyabiashara, ambalo si uongo sana, lakini mnanielewa. Usiku ule tunamcheka yule bwana na farasi wake, nilikuwa nacheka kwa sauti kuliko wote, kama mtu anayeogopa kutambuliwa.

Na lile la kumtunza mwimbaji limetokea nyumbani kwetu. Mwaka niliochaguliwa kidato cha tano, shule iliniletea orodha: godoro, ndoo, jembe, sare, nauli. Baba alikuwa ameshaweka elfu thelathini za godoro. Jumamosi moja kukawa na harusi kwa jirani, mwimbaji na zeze lake akafika mbele ya baba, akaanza kumsifu yeye na ukoo wake. Baba akasimama akacheza, akatunza. Jumapili asubuhi hela ya godoro haikuwepo. Sikumsemesha baba mpaka siku ya kuondoka, na kwa kweli tangu siku ile sijamsemesha vizuri. Kila nikipiga simu, salamu, bumu, afya, kwaheri.

Baada ya kuisikiliza ile filamu nikajiuliza: hivi baba siku ile alikuwa anawaza nini? Miaka yote nimemwona bila sauti.

Basi nikapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nikazungukazunguka wee, mwisho nikamuuliza habari ya harusi ile. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Mambo ya zamani hayo. Godoro si ulipata?"

"Nilipata baba."

"Haya."

Nikafikiri ameshamaliza. Nikawa natafuta neno la kuagia, ndipo akasema taratibu, "Yule alimtaja baba yangu. Huku mjini mimi wananiita We-wa-punda. Jina la mzee nilikuwa sijalisikia siku nyingi."

Sikuwa na la kusema. Nikamwambia, "Asante baba," sijui hata asante ya nini.

Kesho yake nikawaeleza wenzangu kwamba ile sentensi ya mjinga asiye na mipango nataka kuifuta. Mmoja akakataa: "Hela ya mtoto ni hela ya mtoto, mapenzi yako kwa mhusika yasikupofushe." Tukabishana hadi wakatufukuza maktaba. Nikawaambia pia habari za baba na punda wake. Wakanyamaza kidogo, kisha yule mbishi akasema baba yake anauza mkaa. Tukacheka tena, lakini si kicheko kile cha kwanza.

Hoja yake, hata hivyo, ilibaki, na filamu yenyewe iko upande wake. Tazameni mwisho. Mwanaume anafika nyumbani hana kitu. Mke hamgombezi. Anamkabidhi mtoto, anamwambia usiku watakula, anatoka. Mume anabaki mlangoni akijiuliza amekwenda wapi, na sisi tunabaki naye. Kamera haimfuati mke, na mawazo yake hatuyasikii hata mara moja. Darasani wengine walikimbilia mawazo mabaya juu ya anakokwenda. Mimi naona Sembène ameacha kimya pale makusudi, ili tujue ni nani anayepewa sauti na nani anayetafuta chakula.

Kwa hiyo sentensi yetu mpya inasema hivi: sauti inatufanya tumwelewe mwenye mkokoteni, lakini kimya cha mkewe kinatukataza kumsamehe haraka. Wote watano tumeikubali. Tumewasilisha jana, alama bado.

Nikienda mazoezi ya kufundisha natamani niwafanyishe wanafunzi zoezi lilelile la kanga: watazame bila kusikia, wasikilize bila kuona, halafu ndiyo wafungue mdomo.

Jambo la mwisho, kisha niende kupanga foleni ya maji, leo yametoka. Nilimwambia baba kwamba godoro nilipata, na ni kweli. Siku moja kabla sijaondoka, mama alirudi jioni amelibeba kichwani, jipya, bado lina nailoni. Akaliweka chini, akaenda kuwasha moto. Nilifurahi mno, nikalifungafunga kamba.

Alilitoa wapi, sikumuuliza. Jumapili nikipiga simu nitamwomba baba anipe mama.

Alamsiki.