Ngome Iliyogeuka Nyumba ya Mapadre

Katika likizo iliyopita baba yangu mdogo, ambaye hununua dagaa ziwani, alinichukua katika safari yake ya Karema. Tulitoka Kasulu alfajiri, tukapita Uvinza na kuvuka mto Malagarasi, mto uleule unaopita nchi yetu ya Kibondo na Kasulu kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Tulilala Mpanda, na siku ya pili tukafika.

Siku hizo nyumbani kwetu kulikuwa na shauri. Baba mkubwa alitaka nyumba ya marehemu babu ibomolewe, matofali yauzwe. Mimi nilikubaliana naye, maana nyumba kuukuu ina faida gani?

Huko Karema tulionyeshwa nyumba ya mapadre, na mzee mmoja akatueleza habari zake. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold II, alijenga ngome hapo karibu na maji. Lakini maji ya ziwa yalikuwa yamepata njia ya kutokea kwa mto Lukuga, upande wa Kongo. Ziwa likapungua, na ngome ikaachwa mbali na ufuko. Mwaka 1885, baada ya Mkutano wa Berlin, Leopold alikwisha kupata Kongo, na ngome ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Nyumba ya bunduki ikawa nyumba ya sala.

Mwaka 1889 akafika Adrian Atiman. Huyu alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, akauzwa, kisha akakombolewa na mapadre na kusomeshwa udaktari kisiwani Malta. Aliishi Karema akiwatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Basi, pale palipojengwa kwa amri ya mfalme wa Ulaya, mtu aliyekuwa mtumwa akawa tabibu wa wote.

Njiani kurudi niliwaza sana. Hata kwetu Kasulu, Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi mpaka mwaka 2012, kisha ikawa kambi ya vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mahali hapafi kwa sababu kazi ya kwanza imekwisha.

Nilipofika nyumbani niliomba ruhusa ya kusema mbele ya wazee. Baba mkubwa alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Vema, mwanangu. Na hiyo ya babu yako itafanya kazi gani?"

Swali hilo lilinishika. Nilijibu kwamba chumba kimoja kiwe ghala ya mahindi na maharage, na sebule iwe mahali pa kusomea watoto wa jirani nyakati za jioni. Wazee walinong'onezana, wakanipa muda mpaka mavuno. Paa linavuja, na mlango mmoja umeliwa na mchwa. Rafiki zangu wawili wameahidi kunisaidia kukata nyasi za kuezekea.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Likizo ijayo ndipo nitajua kama nimewaelewa.