Siku za Mwisho Mjini Lisbon

Katika miji yote mikubwa ya Ulaya, Lisbon ndio mji ambao mtu wa Kenya ana haki ya kuutazama kwa makini kuliko mingine. Kutoka hapo, tarehe 8 Julai 1497, merikebu za Vasco da Gama ziling'oa nanga, zikaizunguka ncha ya kusini ya Afrika, na katika mwezi wa Aprili 1498 zikafika Mombasa, kisha Malindi. Wareno hao hao ndio walioanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, ngome ambayo Waarabu wa Oman waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa muda mrefu sana. Basi msomaji asishangae nikisema kwamba niliingia katika mji huo kama mtu aingiaye nyumbani kwa jirani wa zamani ambaye baba zake waligombana naye.

Lakini si historia iliyotupeleka huko, mimi na mke wangu. Lisbon ulikuwa mwisho wa njia yetu tu. Tulikuwa tumekwisha kusafiri majuma 12, tukaanzia Roma, tukapanda mpaka Ujerumani, tukashuka Ufaransa na Hispania, aghalabu kwa gari la moshi. Hati ya kuingia katika nchi hizo haimruhusu mgeni kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na fedha zetu nazo zilikuwa na hati yake. Tulipofika Lisbon, katikati ya mwezi wa Oktoba, zilikuwa zimebaki siku 5.

Yafaa nieleze jinsi tulivyoishi kabla ya hapo, maana bila hayo habari hii haitaeleweka. Nilikuwa karani bandarini Mombasa kwa miaka 31. Mke wangu alikaa muda huo wote kwenye shamba letu katika milima ya Taita, akilima kabichi na kufuga ng'ombe, nami nikipanda huko mwisho wa mwezi, na wakati wa likizo. Wasomaji wengi wanaishi hivyo hivyo, na hakuna wa kulaumiwa. Mshahara ulikuwa pwani na udongo ulikuwa mlimani. Ila ukizijumlisha siku tulizolala chini ya paa moja katika miaka hiyo, sidhani kama zingetimia miaka 6. Nilipostaafu tukatoa akiba yetu katika chama cha ushirika, tukauza na kiwanja kimoja, tukaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kukaa pamoja majuma 12 mfululizo, bila ng'ombe wa kukamua, bila kikao cha kanisa, na bila mgeni kupiga hodi.

Mji wenyewe umejengwa juu ya vilima kando ya mto mpana uitwao Tagus, karibu na mahali unapoingia baharini. Tramu ndogo za manjano hupanda njia za mteremko mkali, nyembamba kiasi kwamba mtu aliye ndani angeweza kugusa ukuta wa nyumba. Kuta nyingi zimefunikwa vigae vya rangi, vya samawati zaidi. Mke wangu alipenda vilima hivyo, akapanda kwa miguu mimi nikihema nyuma yake. Chini, katikati ya mji, njia zimenyooka kama mistari ya daftari. Sababu yake ni msiba. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, watu wakiwa makanisani kwa sikukuu ya Watakatifu Wote, nchi ilitetemeka, mawimbi yakapanda kutoka mtoni, na moto ukawaka siku kadhaa. Waziri aliyejulikana baadaye kwa jina la Marquês de Pombal ndiye aliyesimamia kuujenga upya. Kanisa moja, la Carmo, halikurudishiwa paa mpaka leo; nguzo na matao yake yamesimama wazi chini ya mbingu.

Siku ya pili tulikwenda Belém, upande ule merikebu zilikotoka. Hapo pana monasteri kubwa ya Jerónimos, ya mawe meupe yaliyochongwa mfano wa kamba na mimea, na ndani yake limo kaburi la Vasco da Gama. Yeye alifia Cochin, nchi ya Bara Hindi, mwaka 1524, na mifupa yake ililetwa Ureno baadaye. Sikwenda kumsifu. Katika safari yake ya pili, mwaka 1502, aliichoma moto merikebu ya mahujaji, na mwaka huo huo aliilazimisha Kilwa kutoa kodi. Hata hivyo nilimsimulia mke wangu jambo moja ambalo watu hawalitaji sana. Katika safari ya kwanza, Vasco alikuwa pamoja na ndugu yake, Paulo, aliyeongoza merikebu mojawapo. Wakati wa kurudi, mwaka 1499, Paulo akawa mgonjwa mno. Vasco aliiacha merikebu yake mikononi mwa mwingine, akamchukua ndugu yake katika chombo chepesi ili amwahishe nyumbani. Lakini Paulo akafia njiani, katika kisiwa cha Terceira, akazikwa huko. Mabaharia waliorudi salama walikuwa chini ya nusu ya wale waliotoka.

Mke wangu alilitazama lile kaburi la jiwe kwa muda. "Basi akaingia mjini peke yake," akasema, akatoka nje.

Karibu na mto, chini ya mnara mkubwa uliojengwa mwaka 1960 kwa ukumbusho wa mabaharia hao, pana ramani ya dunia ya marumaru iliyotandazwa ardhini, zawadi ya Afrika Kusini. Watu huikanyaga tu. Mke wangu alisimama penye Ureno, akaanza kutembea kuizunguka Afrika, akafika mahali ambapo Kenya yapaswa kuwa kwa hatua chache. Akaniita nije. Nilikwenda, na bado sikupendezwa kufika upesi vile.

Mahali tulipopazoea ni uwanja mdogo mbele ya kanisa la São Domingos. Kanisa hilo liliungua mwaka 1959, likatiwa paa jipya, lakini kuta zake za ndani zimeachwa na makovu ya moto. Nje hukusanyika Waafrika, hasa watu wa Guinea-Bissau, wakipiga soga, na kina mama wakiuza njugu na vitu vya kwao. Hatukuwa na lugha moja nao. Siku moja mke wangu alikuwa amejitanda leso mabegani kwa sababu ya upepo. Mama mmoja mwuzaji akaishika pindo lake, akasema, "Lenço." Mke wangu akashtuka kwa furaha. Ndipo mchezo ukaanza. Akagusa meza yake ya biashara, yule mama akasema "mesa". Akaonyesha bendera juu ya nyumba ya mbali: "bandeira". Kasha likawa "caixa", na mvinyo "vinho". Nilipowaeleza, kwa ishara nyingi, kwamba neno letu gereza lasemekana kutoka katika neno lao la kanisa, "igreja", yule mama alicheka hata akajifuta machozi. Sikuweza kumweleza kwamba Fort Jesus nayo ilikuwa jela mpaka mwaka 1958.

Jioni ya siku ya nne tulipanda feri kuvuka mto kwenda Cacilhas, kwa kuutazama mji tu. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 1966, na nyumba za vilimani zikawa kama dhahabu. Ndipo mke wangu akaniuliza, "Baba, kule nyumbani utakuwa ukiamka saa ngapi?"

Nikamjibu kwamba saa yoyote, maana sina tena kazi.

"Hilo ndilo ninaloliwazia tangu Hispania," akasema. "Hapa sisi sote ni wageni. Tumepotea pamoja, tumeuliza njia pamoja. Kule mimi nina taratibu zangu za miaka 31, na wewe utaketi barazani ukingoja chai kama mgeni wa mwisho wa mwezi. Nami nimezoea sasa kukungoja ufunge kamba za viatu."

Sikuwa na la kusema. Feri ikagusa gati, watu wakashuka, sisi tukabaki kitini mpaka tulipoambiwa tutoke. Tukiwa tunarudi, gizani, nikamwuliza kama naweza kuwa nikipeleka maziwa kiwandani.

"Maziwa yana kijana wake," akasema. Akafikiri. "Lakini kabichi hazina. Wachuuzi wa Mombasa huja na lori, huhesabu wenyewe, nami nipo jikoni. Wewe umehesabu magunia ya bandarini maisha yako yote."

Siku ya mwisho haikuwa na mengi. Tulipima mizigo, maana kila mmoja aliruhusiwa kilo 23, tukaacha koti langu zito kwa mwenye nyumba. Mke wangu alinunua foronya nne zenye maua ya samawati. Mwuzaji alipozitaja kwa Kireno, "fronhas", mke wangu alimsahihisha kwa upole mara mbili, "foronya", akalipa. Kisha tukapita São Domingos, lakini yule mama wa njugu hakuwapo siku hiyo.

Huko nyumbani mvua za vuli zilikuwa zimekaribia, na miche mipya yangoja kupandwa. Tulipokuwa tumeketi uwanjani tukingoja kuitwa ndegeni, mke wangu alinitajia majina ya wachuuzi watano na siku ambayo kila mmoja huja, nami nikayaandika nyuma ya risiti ya zile foronya.